Mkono wa Asubuhi kwenye Kopo Langu

Chaka. Chaka. Chaka.

Nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa nimeinama ukumbini nafunga kamba za viatu niende kazini. Mlango wa chumba cha baba mdogo ukafunguliwa, akatoka na koti lake, akanipita kama mtu anayeruka dimbwi.

Chaka. Chaka.

Kila hatua, koti linalia.

Ule mlio naujua kuliko sauti ya marehemu mama yangu. Ni vidonge vinavyocheza ndani ya kopo la plastiki. Nimelala nao, nimesafiri nao, nimeanza kuusikia kabla sijajua kusoma.

Lakini kopo langu siku hiyo halikuwa nyumbani. Lilikuwa kliniki, mezani kwa Sista, limezuiliwa kama mtuhumiwa.

Sasa ndani ya koti la baba mdogo kulikuwa kunalia nini?

Nikasema moyoni: leo nimekupata, mzee.

Kumpata nilimpata. Nilichokipata ndicho kilichonikata mkono.

Kaeni niwasimulie, na mwenye roho nyepesi aishie hapa hapa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Nikipumzika naandika mashairi kwa chaki kwenye bati. Hakuna aliyenifundisha. Mizani nimezihesabu kwa vidole vyangu mwenyewe mpaka zikanikubali. Wanaosema najisikia, ni kweli najisikia. Nimezaliwa na virusi vya Ukimwi, nimezika baba, nimezika mama, na mimi nipo, nashika moto kwa mikono. Nisijisikie kwa nini?

Nilipobaki yatima, mdogo wake baba akanichukua. Ana duka la vifaa vya ujenzi na ni mwenyekiti wa mtaa wetu. Hucheka kwa sauti kubwa, na kila akicheka lazima pawe na mtu anayevuja damu.

Ndiye aliyenipa jina la Kopo.

"Wageni karibuni. Huyu ni Kopo. Ukimtikisa analia!"

Wageni wakacheka, jina likatoka nje likaenea mtaani. Mpaka leo nikienda kupima geti la mtu, mwenye nyumba anauliza, "Wewe ndiye fundi Kopo?" Namjibu ndiye.

Kikombe changu kilipakwa rangi nyekundu kwenye kitako. Alikipaka mwenyewe, kwa rangi ya dukani kwake. "Si ubaguzi," alisema. "Ni utaratibu."

Mke wake, mama mdogo, ndiye aliyenilea. Utotoni nilikuwa natapika nikiona tu kidonge. Yeye akagundua dawa ya dawa.

"Fumba macho, baba. Fungua mdomo."

Ananiwekea kidonge ulimini, ananipa maji, kwisha kazi.

Nimekua, nimeota ndevu, bado nameza vile vile. Kila jioni nikitoka kazini natoa kidonge kimoja, nafumba macho, nameza. Sijawahi kukitazama usoni. Nilikuwa naona ni jeuri nzuri: wewe kidonge unanitawala, haya, lakini kukuangalia sikuangalii.

Hilo la macho lishikeni.

Mwaka jana kliniki yetu ilipata wageni, watafiti. Walitaka kupima nani anameza dawa sawasawa na nani anadanganya. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Sista, muuguzi wetu, peke yake. Unampa kopo, anamwaga vidonge kwenye kisahani, anahesabu vilivyobaki. Wajanja walikuwa wanamchezea. Kabla ya kuingia kliniki wanapitia chooni, wanatupa vilivyozidi, hesabu inakubali, wanasifiwa.

Watafiti wakaja na kopo lenye kinasa ndani ya kifuniko. Kila ukifungua, kinaandika siku na saa. Mimi nilikibatiza jina, Kifuniko Mbea.

Mtafiti mwenyewe alikuwa kijana mwembamba wa miwani. Akanikabidhi kopo kwa mikono miwili kama ananipa mtoto.

"Hiki hakidanganyi, kaka. Liweke nyumbani, sehemu moja, usilihamishe."

Nikaliweka kabatini sebuleni.

Tangu hapo Sista akaacha kumwaga vidonge. Foleni inafika getini, mashine ipo, ahesabu kwa nini? Kila nikienda, Mtafiti anasoma kompyuta yake na kuniinulia kidole gumba. Kijana wa mfano. Siku moja wakaniomba niwaghanie wagonjwa wenzangu shairi la kuhimiza dawa. Nikaghani. Makofi yakapigwa, nikatoka kifua mbele kama jogoo aliyelipiwa mahari.

Na mahari kweli ilikuwa njiani. Nilikuwa na mchumba, fundi cherehani, kibanda chake kinatazamana na karakana yetu. Nilimweleza hali yangu mapema. Sista akatuketisha wote wawili, akatufafanulia kwamba virusi vikishuka mpaka kipimo hakivioni, simwambukizi mwenzangu. Mchumba akafikiri, akasema, "Majibu ya damu yajayo yakitoka safi, waambie wazee wako waje kwetu."

Mimi na kifuniko changu, wasiwasi wa nini?

Tulikwenda pamoja kuchukua majibu. Yeye akabaki benchini nje, mimi nikaingia natabasamu.

"Funga mlango," Sista akasema. "Kaa."

Nikakaa.

"Vidonge unavipeleka wapi?"

"Navimeza, Sista."

"Virusi vimejaa kwenye damu yako kama mtu ambaye hajawahi kuona dawa. Nakuuliza tena. Unavipeleka wapi?"

"Mashine si inasema nameza?"

"Mashine inasema unafungua. Unafungua, unatupa chooni, halafu unakuja hapa kutughania mashairi. Wewe si wa kwanza. Vijana mkijifanya wajanja tunawazika."

"Naapa kwa kaburi la mama yangu..."

"Mama yako mwache apumzike. Mimi nasikiliza damu."

Mlango ulikuwa mwembamba. Mchumba alikuwa ameshasikia. Akaingia, akanitazama kama anatafuta kasoro kwenye mshono.

"Ulinidanganya?"

"Hapana."

"Basi damu yako ndiyo imenidanganya?"

Akageuka akaondoka. Nikabaki na yule Sista na moto kifuani. Nikapiga ngumi meza.

"Mwaga! Mwaga hilo kopo, uhesabu kama zamani!"

Nadhani alimwaga ili anyamazishe kelele zangu. Vidonge vikatapakaa kwenye kisahani, vyeupe, virefu, vinafanana kama pacha. Akaanza kuvisogeza. Akasimama. Akachukua kimoja, akakigeuza. Akachukua kingine.

"Hebu njoo uone," akamwita Mtafiti.

Vingine vilikuwa na herufi ndogo zimechongwa mgongoni. Vingine vilikuwa vitupu.

"Hivi vitupu si vyetu," Sista akasema polepole. "Hizi ni vitamini. Zinauzwa kila duka la dawa."

Akaninyooshea kisahani. "Kwa hiyo hujawahi kuona tofauti?"

Ningemjibuje? Kwamba mtu mzima mwenye ndevu hufumba macho akimeza?

Mtafiti akafungua kompyuta. Nukta zikajipanga, kila siku na zake. Nikainama karibu na kioo.

"Mbona ziko mbili mbili?"

"Moja ya jioni, moja ya asubuhi," akasema. "Ni kawaida yako."

"Kawaida yangu? Asubuhi mimi niko karakana!"

Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena.

"Kaka, programu inatafuta siku tupu. Siku ambayo hukufungua kabisa, inalia nyekundu. Siku uliyofungua zaidi inaisoma kama... bidii."

"Kwa hiyo mwizi akifungua kopo langu, mimi ndiye ninayesifiwa?"

Akainamia kompyuta yake.

Sista sasa alikuwa ameshusha sauti. Akanieleza kwamba kwa kumeza dawa siku moja na kuikosa nyingine, huenda virusi vimeshazizoea zile za kwanza. Ataniandikia za aina nyingine, za kabati la pili. "Na hizo zikizoeleka, mdogo wangu, mimi sina kabati la tatu."

Kisha akauliza, "Asubuhi nyumbani kwenu hubaki nani?"

"Baba mdogo na mama mdogo."

Nikatamka hayo majina mawili, moja nikalisahau hapo hapo.

Asubuhi iliyofuata ndipo koti likalia.

Sasa mnaelewa hali yangu. Mchumba amekwenda. Kabati la pili ndilo la mwisho. Na mtu aliyeniita Kopo miaka yote anapita juu ya kichwa changu na vidonge mfukoni! Nilitaka kumrukia pale pale. Lakini mimi mshairi. Nikasema ngoja, mwizi wa hadharani aumbuliwe hadharani.

Mchana ule ule kulikuwa na kikao cha kamati ya mtaa, sebuleni kwetu. Nikaomba ruhusa kazini, nikarudi na ubeti wangu kichwani.

Walikuwepo katibu, mama mweka hazina na wajumbe wengine, wamejibana kwenye makochi. Baba mdogo kwenye kiti chake, amevaa lile koti. Jua linawaka, yeye na koti. Aliliita koti la uenyekiti.

"Aa, Kopo!" akanichekea. "Leo hamna chuma cha kuchoma? Waletee wageni maji. Lakini glasi zao usiziguse kwa mdomo, wageni bado tunawahitaji."

Wakacheka. Katibu alicheka mpaka akakohoa.

Mimi nikasimama katikati ya sebule, nikaghani:

*Mwenyekiti wa mtaa, umekaa kwa heshima,*
*Umenitia fadhaa, mbele ya watu wazima,*
*Kopo umelikataa, mchana ukilisema,*
*Kwenye koti ulovaa, vidonge vyaunguruma.*

Kicheko kikakatika kama umeme.

"Mtoto huyu ana wazimu," baba mdogo akasema.

Nikamshika bega nikamtikisa.

Chaka.

Sebule nzima ilisikia. Mama mweka hazina akajivuta mbele. "Mwenyekiti, toa mfukoni tuone."

"Ananiibia dawa!" nikapaza sauti. "Kila asubuhi! Anachukua zangu ananiwekea vitamini! Anataka kuniua, na huku ananipakia rangi kwenye kikombe!"

Nilitegemea ahangaike. Nilitegemea jasho. Baba mdogo akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, polepole, akatoa kopo, akalisimamisha mezani kati ya glasi.

"Soma," akamwambia katibu.

Katibu akalishika kwa ncha za vidole. Akasoma jina.

Lilikuwa jina la baba mdogo.

Kliniki ilikuwa ya mji mwingine, ule anakokwendaga kufuata mzigo wa duka. Vidonge vya aina nyingine kabisa, rangi nyingine. Alikuwa amerudi safari jana yake, na kopo jipya bado halijapata ile pamba anayowekaga ndani lisilie.

"Mimi siibi vya watoto," akasema. Mtamshangaa? Alikuwa anajivuna. "Natumia dawa zangu miaka na miaka, sijaruka hata siku moja. Damu yangu ni safi. Nenda kaulize kule, mimi ndiye mgonjwa wao wa kwanza kwa nidhamu. Si kama huyu mpuuzi anayeshindwa hata kulinda kopo."

Hakuna aliyecheka. Katibu alikuwa anafuta vidole kwenye suruali.

Nikainama, nikalisoma jina lile mimi mwenyewe.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Tangu lini?"

Mama mdogo. Alikuwa amebeba sinia la chai. Aliliweka chini taratibu, glasi hazikugongana.

"Mke wangu, haya si mambo ya mbele za watu."

"Nimeuliza tangu lini."

"Tangu nilipolazwa ule mwaka."

"Uliniambia ni vidonda vya tumbo."

"Ningekwambia nini? Ungenitangaza."

Mama mdogo akakaa sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama. Akaanza kuongea akilitazama zulia, kama analisomea.

"Mimi nilipima kwa siri. Nilikuwa napungua, nikaenda mbali nikapima. Nikarudi nimekufa. Sijawahi kumjua mwanaume mwingine. Na wewe kila siku unasema, mwanamke akiniletea kitu hicho ndani ya nyumba, atalala barabarani. Nikajiuliza nimekitoa wapi?"

Akanyanyua uso, akanitazama mimi.

"Nikasema ni wewe, mwanangu."

"Mimi?"

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa na vidonda, nikivifunga kwa mikono mitupu. Nikasema basi, huyu ndiye aliyeniambukiza. Nimemlea, ameniua. Nikasema nusu ya dawa zake ni haki yangu."

"Mama mdogo..."

"Anayefungua asubuhi ni mimi."

Ndugu zangu, nimeshawahi kuungua kwa cheche za mashine mpaka nyama ikanuka. Ule moto ni wa mzaha.

Yeye! Mkono ule ule ulioniwekea vidonge ulimini. Kila jioni alikuwa ananiuliza, "Umemeza, baba?" Namjibu nimemeza. Ananiambia, "Afadhali." Na anajua nimemeza nini.

"Ungeniambia," nikasema. "Kliniki wanatoa bure!"

"Ningepanga foleni nani asinione? Mke wa mwenyekiti?"

Halafu akasema neno la mwisho, ambalo ndilo linanirudia mpaka leo nikiwa juu ya ngazi.

"Mwanzo nilikuwa natoa chako kimoja, natia vitamini moja. Lakini macho yangu ya karibu hayaoni, na vinafanana. Baadaye sikujua tena nachukua kipi."

Yaani alikuwa anafungua kopo langu kila asubuhi, kwa hofu, kwa kunyata, mara nyingi akaiba vitamini alizozinunua mwenyewe.

Tuliketi pale watu watatu wa nyumba moja, wote tuna ugonjwa mmoja. Wawili tumenyang'anyana kopo moja gizani. Wa tatu, mwenye dawa kamili na damu safi, alikuwa anapaka rangi kikombe changu.

Wajumbe wakaanza kutoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeaga.

Baba mdogo akasimama, akarudisha kopo mfukoni. Chaka. Akavuta koti likae sawa.

"Mimi mgonjwa naweza kuishi naye," akasema. "Mwizi siwezi. Kusanya vitu vyako."

Alikuwa anamwambia mke wake.

Mnataka kujua mtaa ulifanyaje? Mtaa ulimhurumia yeye. "Mwanaume amevumilia kimya kimya," wakasema. "Na mke mwizi juu." Uchaguzi ulipofika wakampa kiti tena. Wengine walimpigia makofi kwa ujasiri wa kujitangaza, eti mtu wa mfano. Kopo nililolifichua mimi kwa ubeti wangu likawa sifa yake.

Mchumba nilimfuata kibandani nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, mguu umetulia kwenye pedali.

"Nakuamini," akasema. "Lakini nyumba yenu naiogopa kuliko ugonjwa wako."

Akakanyaga pedali, cherehani ikaanza kuunguruma. Ndiyo ilikuwa kwaheri.

Nilihama siku ile ile aliyofukuzwa mama mdogo. Nikapanga chumba kimoja nyuma ya karakana, yeye nikampangia cha pembeni. Msinisifu. Sikufanya kwa upendo. Nilimchukua kwa sababu nilitaka awepo mahali ambapo naweza kumkasirikia kila siku.

Wiki nzima sikumsemesha. Alikuwa anafua nguo zangu, nazifua upya mbele ya macho yake.

Mpaka nilipomsikia anakohoa kile kikohozi ambacho nilimsikia nacho mama yangu mzazi.

Nikampeleka kliniki. Alijifunika khanga mpaka kwenye nyusi, nikamwambia aivue. Akaivua. Sista akamchukua damu, akamwandikisha, akatuleta mbele ya meza ya Mtafiti. Kijana wa miwani safari hii hakuinua kidole gumba. Programu yake sasa, alisema, inalia hata siku yenye nukta mbili. Akamsogezea mama mdogo kopo jipya lenye kifuniko chenye kinasa.

"Hiki..." akaanza.

"Usiseme hakidanganyi," nikamkata.

Akamkabidhi tu, kwa mikono miwili.

Niwaambie nilichojifunza, mkichukue au mkiache. Kipimo kilihesabu kifuniko changu vizuri sana. Nilisifiwa nikiwa naoza. Baba mdogo kasifiwa ameoza tayari. Usimwachie mtu wala mashine kukuangalizia kinachoingia mdomoni mwako, hata kama mkono unaokulisha ndio uliokulea. Hasa huo.

Tulitoka tukakaa benchi la nje, lile alilokaa mchumba. Makopo mawili mapajani, langu la kabati la pili na lake. Mama mdogo kifuniko kinamshinda.

"Nisaidie, baba," akanong'ona. "Nifumbe macho, uniwekee..."

"Hapana."

Nikamfungulia. Nikatoa kidonge chake, nikakigeuza mpaka herufi zikaonekana, nikakileta karibu na macho yake mabovu mpaka akaitikia kwa kichwa kwamba ameziona. Nikatoa changu, nikakitazama usoni, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Tukameza.

Akaanza kulia. "Mwanangu, utanisamehe?"

Watu wa foleni walikuwa wanatusikiliza. Nikapaza sauti makusudi, wasikie wote, asije mtu akanigeuzia maneno.

"Kusamehe sijakusamehe, mama mdogo, na sijui kama nitaweza. Lakini kila jioni nitakuja mlangoni kwako na kopo langu. Utameza mbele yangu, nitameza mbele yako, macho wazi. Na siku nitakayokusamehe nitakwambia kwa mdomo wangu. Kwa hiyo usithubutu kufa kabla sijakwambia."